Chumvi Inapokula Nyumba

Mtu aliyekulia Katwe hahitaji kufundishwa chumvi ni kitu gani. Ziwa lile, lililomo ndani ya shimo la volkano ya kale katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, limewapa watu riziki kwa karne nyingi. Lakini chumvi iyo hiyo inayokoleza mchuzi ni adui wa majengo. Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kujenga kiwanda kikubwa kando ya ziwa hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabomba yake yakaliwa na maji yale makali hata kazi ikasimama.

Bomba likitoboka, kila apitaye huona. Zege huliwa kimya kimya, na mwenye nyumba hupata habari akiwa amekwisha kumlipa fundi na kuhamia na watoto.

Hayo yalimpata shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye ni sajini wa polisi. Kwa akiba ya miaka mingi alijenga nyumba ya vyumba vitatu katika ukanda ule, ili atakapostaafu asiwe mtu wa kutangatanga na virago. Maji ya kuchanganyia zege yalitekwa katika kisima cha jirani, kisima ambacho wenyeji hawakinywi kwa sababu ya ukali wake. Fundi hakuuliza, na shemeji alikuwa zamu mbali. Mwaka wa pili ukuta wa chumba cha watoto ukatoa unga mweupe kama wa muhogo. Dada yangu akausugua kwa maji na sabuni kila wiki, na kila wiki ukarudi. Fundi alipoitwa alileta pakiti ya dawa ya kuzuia maji, akaichanganya katika lipu mpya na kusema, “Afande, hapa maneno yamekwisha.” Masika mawili yakapita, na lipu lote likaanguka usiku juu ya kitanda. Kwa rehema ya Mungu mtoto alikuwa amelala kwa bibi yake.

Mimi nilisomea ualimu, si uhandisi. Lakini baada ya usiku ule nilisoma na kuwauliza wanaojua, maana nilitaka kufahamu kama dawa ile ni ya uongo. Si ya uongo. Ilitumiwa mahali pasipo pake.

Zege, hata likiwa gumu namna gani, lina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji huyapanda matundu hayo kama mafuta ya taa yapandavyo utambi, nayo huchukua chumvi iliyoyeyuka ndani yake. Jua likiwaka maji huruka, chumvi hubaki. Punje zake hukua ndani ya matundu na kusukuma kuta zake, mvua baada ya mvua, mpaka uso wa zege unamomonyoka. Chumvi za aina ya salfeti, ambazo Katwe zimo kwa wingi, huongeza ubaya wa pili: hushikana na saruji yenyewe na kuifanya ivimbe. Chumvi ya kawaida nayo huwinda nondo. Ndani ya zege zima nondo haishiki kutu, kwa kuwa saruji huivika ngozi nyembamba ya kuilinda. Chumvi huitoboa ngozi hiyo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, ndiyo maana zege hupasuka kwa kufuata mstari wa nondo.

Dawa inayotiwa katika zege bichi ili lisinywe maji aghalabu ni ya ukoo wa sabuni: mafuta ya mawese au ya ng'ombe yaliyoshikanishwa na madini ya chokaa. Wazo hili si geni. Plinio, mwandishi wa Roma katika karne ya kwanza, alieleza chokaa kilichozimwa kwa divai na kupondwa pamoja na tini na mafuta ya nguruwe ili kizuie maji. (Msomaji asiyemgusa mnyama huyo asitie wasiwasi, dukani hataulizwa divai wala tini.) Dawa hupaka kuta za vinyweleo utando mwembamba, na tone la maji likifika huviringika kama juu ya jani la magimbi. Maji yasipoingia, chumvi iliyomo katika maji hayo haina gari la kupandia.

Hapo ndipo faida yake ilipo: ukuta unaopigwa na mvua, msingi unaokaa katika udongo wenye chumvi, nguzo za wenzetu wa pwani zinazorushiwa maji ya bahari. Kwa tangi la maji haitoshi, kwa sababu maji yenye uzito mkubwa nyuma yake huupita utando ule. Haizibi ufa. Na chumvi iliyokwisha kuingia pamoja na maji ya kuchanganyia au mchanga, haiwezi kuitoa. Ukuta wa shemeji ulikuwa na chumvi na unyevu ndani. Lipu lisilopitisha maji liliufunga mlango, punje zikakua nyuma yake, zikalisukuma chini.

Kwa hiyo anayeanza kujenga aanze na maji. Maji yasiyofaa kunywewa yasitiwe katika zege lenye nondo. Yawe machache pia: kwa mfuko wa kilo 50 wa saruji, lita 22 au 23 zinatosha, pamoja na yale yaliyomo katika mchanga uliolowa. Fundi atanung'unika kwamba zege ni gumu kusukuma; mwache anung'unike, bora ashindilie sawasawa. Saruji yenye majivu ya volkano hustahimili salfeti vizuri zaidi. Dawa ya unga mara nyingi hutiwa kilo 1 kwa mfuko, lakini maandishi ya pakiti ndiyo ya kufuatwa, kwani ikizidi hupunguza nguvu ya zege. Nondo zifunikwe kwa zege la milimita 50 palipo na chumvi, na zege jipya linyweshwe maji matamu kwa siku 7. Chini ya sakafu itandikwe nailoni nzito. Dawa bila mambo haya ni fedha iliyotupwa.

Ukuta uliokwisha kuugua usioshwe, maana maji huirudisha chumvi ndani. Usuguliwe mkavu kwa brashi, unga uzolewe na kutupwa mbali, unyevu utafutwe unapotoka, kisha upakwe lipu la chokaa linalopumua. Lipu hilo nalo litakufa siku moja kwa ajili ya ukuta, na litabadilishwa.

Shemeji amekibomoa chumba cha watoto na kukijenga upya kwa maji ya mvua aliyoyakinga katika mapipa. Vyumba viwili vingine havikuguswa, fedha haikutosha. Juu ya mlango wa sebule pana ufa mwembamba unaofuata nondo, na kila mwisho wa mwezi dada yangu huupima kwa ukucha.