Maji na Mafuta Ndani ya Parachichi: Sehemu ya Pili

Tuliona katika sehemu ya kwanza kwamba mparachichi hutoa maua mengi mno, ilhali kwa kawaida ni chini ya ua moja katika kila elfu linalofikia kuwa tunda la kuvunwa. Vitunda vichanga vinapopukutika mashambani Sengerema, Magu au Misungwi, mkoani Mwanza, lawama huangukia upesi mbolea. Mimi nashikilia kuwa mara nyingi kilichopungua ni maji, na kwamba upungufu wa maji huligeukia tunda kuwa njaa.

Parachichi ni tunda ghali kwa mti unaolizaa. Embe na chungwa hujazwa sukari, parachichi hujazwa mafuta. Na mmea hutumia takriban gramu 3 za glukosi kutengeneza gramu moja ya mafuta, wakati gramu moja ya wanga huhitaji kama gramu 1.2 tu. Karibu sukari hiyo yote hutoka kwenye majani. Jani nalo haliwezi kuitengeneza bila kufungua vitundu vyake ili hewa ukaa iingie, na kwa kila molekuli moja ya hewa hiyo, mamia ya molekuli za maji hutoka. Udongo ukikauka, jani hufunga vitundu hivyo kujiokoa. Maji yaliyomo hubaki, lakini sukari haitengenezwi tena. Kwa hiyo hesabu ya maji na hesabu ya nishati ni hesabu moja.

Mwenye shaka achukue kaliperi, atie alama ya wino kwenye tunda changa, alipime alfajiri kisha alipime tena saa nane mchana. Siku ya jua kali atalikuta limesinyaa kwa sehemu ya milimita. Schroeder na Wieland walilieleza jambo hili huko California mwaka 1956: mchana tunda husinyaa, usiku hujaa tena. Likijaa kila usiku, hakuna hasara. Ukame ukiendelea kwa majuma, ganda la mbegu changa huweza kufa mapema, na ndilo linalosaidia kupitisha chakula. Tunda hudondoka, au hubaki dogo hadi siku ya kuvunwa hata ukilimwagia maji baadaye.

Atasema mtu: Ziwa Victoria lipo, tufunge pampu. Kwa upande wa umeme simpingi, maana kuinua lita 1,000 kwa mita 40, hata kwa pampu inayopoteza nusu ya nguvu yake, hutumia chini ya robo ya yuniti. Tatizo liko ardhini. Mizizi ya mparachichi inayonyonya maji hukaa juujuu, mingi katika sentimita 60 za kwanza, na huhitaji hewa. Kwenye mbuga, ule udongo mzito wa mfinyanzi, maji yakituama hukaribisha Phytophthora, kimelea kinachoozesha mizizi, na mti hunyauka ilhali umezungukwa na maji. Kwenye luseni, udongo wa kichanga wa Usukumani, maji ya mkupuo huzama chini ya mizizi kabla hayajatumika. Hapo panafaa maji kidogo mara kwa mara, kwa matone, pamoja na matandazo mazito ya majani makavu yasiyogusa shina.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaoonyesha miparachichi ya Bukoba, inayozaa bila kumwagiliwa. Ni kweli inazaa. Lakini Bukoba hupata mvua karibu maradufu ya Mwanza, na kwenye kibanja, lile shamba linaloizunguka nyumba, majani ya migomba hufunika ardhi mwaka mzima. Mwanza ina kiangazi cha Juni hadi Septemba, na hakuna atakayemtandazia mkulima shamba lake asipolitandaza mwenyewe.

Wapo pia wanaotaja Petorca, nchini Chile, ambako mashamba ya maparachichi yameingia kwenye ugomvi mkali wa maji na wanavijiji wanaoletewa maji ya kunywa kwa malori. Hofu yao naiheshimu, na ndiyo sababu nasisitiza wakati kuliko wingi: mwenye maji ya nusu ya msimu ayatumie katika majuma ya kwanza baada ya tunda kutungwa, asiyaweke akiba hadi matunda yakaribie kukomaa. Sehemu ya tatu itaeleza kwa nini parachichi haliivi likiwa mtini.