Kurefusha mguu: Piga hesabu kabla ya kisu

MTU ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kuliko wa pili huchechemea, huchoka upesi, na miaka inavyosonga huenda akaanza kulalamikia maumivu ya kiuno na mgongo. Wengi wao wamesikia kwamba siku hizi mfupa waweza kurefushwa. Swali linalowakosesha usingizi ni moja: mtu wa kipato cha kadiri atatoa wapi pesa za matibabu hayo?

Jibu lipo, ingawa si rahisi. Jambo la kwanza ambalo mgonjwa anapaswa kufahamu ni kwamba gharama haiishii katika chumba cha upasuaji. Hufuatwa na miezi mingi ya picha za eksirei, dawa, mazoezi na nauli. Aliyekusanya pesa za upasuaji peke yake huenda akakwama njiani, na mguu ulioachwa nusunusu waweza kumtesa mwenyewe kuliko ulivyomtesa ulipokuwa mfupi.

Yalikoanzia

Njia inayotumiwa zaidi katika hospitali za kawaida ilibuniwa na daktari Gavriil Ilizarov katika mji wa Kurgan, Siberia, katika miaka ya 1950. Sifa zake zilienea baada ya kumtibu Valeriy Brumel, mshindi wa dhahabu ya kuruka juu katika Olimpiki za Tokyo za 1964, ambaye aliumia vibaya mguuni katika ajali ya pikipiki mwaka wa 1965. Madaktari wa Ulaya Magharibi walianza kuifuata njia hiyo katika miaka ya 1980.

Daktari huukata mfupa kwa uangalifu, kisha huufunga mguu kwa fremu ya pete za chuma zilizoshikwa na nyaya zinazopenya hadi mfupani. Baada ya takriban wiki moja, mgonjwa huanza kuzungusha skurubu mara nne kwa siku, kila mara robo ya milimita. Hivyo ncha mbili za mfupa huachana kwa milimita moja kwa siku, na mfupa mpya huota katika pengo hilo.

Tuchukue mfano wa mgonjwa anayehitaji sentimita 4. Atasubiri siku 7, kisha atazungusha skurubu kwa siku 40. Baada ya hapo mfupa huo mchanga huhitaji kukomaa, na muda huo kwa kawaida huwa maradufu ya ule wa kuuvuta, au zaidi. Ukijumlisha utapata zaidi ya miezi minne fremu ikiwa mguuni. Kwa mtu mzima muda huo waweza kufika miezi sita au kupita, kwa kuwa mifupa ya watoto huunga haraka zaidi. Anayevuta sigara huchelewa zaidi.

Je, upasuaji wahitajika?

Njia ya kwanza ya kuokoa pesa ni kujua kama upasuaji wenyewe unahitajika. Tofauti isiyofika sentimita 2 kwa kawaida haihitaji kisu. Wengine hawahitaji chochote, na wengine hutosheka na kipande cha kuwekwa ndani ya kiatu au soli iliyoinuliwa. Fundi viatu stadi aweza kuifanya kazi hiyo akipewa kipimo na daktari.

Kati ya sentimita 2 na 5 uamuzi hutegemea umri, maumivu na kazi ya mgonjwa. Mtoto ambaye bado anakua ana nafasi ambayo mtu mzima hana: daktari aweza kuzuia ukuaji wa mguu mrefu kwa upasuaji mdogo katika sehemu ya mfupa inayokua, ili ule mfupi uufikie. Upasuaji huo ni wa bei nafuu kuliko kurefusha na hauhitaji miezi ya fremu. Hata hivyo, ni lazima ufanywe kwa wakati wake. Msichana akifika miaka 14 hivi, na mvulana miaka 16, nafasi hiyo huwa karibu imekwisha. Mzazi anayengoja mtoto akue kwanza aweza kujikuta analipia matibabu makubwa ambayo yangeepukika.

Tofauti inayozidi sentimita 5 ndiyo huwafanya madaktari wengi kufikiria kurefusha mfupa.

Hesabu kamili

Kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, iombe hospitali makadirio yaliyoandikwa ya safari nzima. Yaonyeshe ada ya daktari na ya nusukaputi, kitanda, fremu, picha za eksirei, dawa za maumivu na za kuzuia vijidudu, mazoezi ya viungo, na siku ya kuondolewa fremu. Wengi husahau kipengele hicho cha mwisho, na mara nyingi fremu huondolewa katika chumba cha upasuaji.

Kisha ongeza gharama zisizoandikwa na hospitali. Wakati wa kuvuta mfupa, mgonjwa huhitaji kuonwa kila wiki moja au mbili, na baadaye takriban kila mwezi. Kwa mgonjwa wetu wa sentimita 4 hizo ni safari kadhaa za hospitali, na kwa aliye na fremu mguuni kupanda matatu si rahisi. Hesabu pia mshahara utakaokosa na chakula cha anayekuuguza.

Weka akiba ya dharura. Uambukizo katika matundu ya nyaya ni jambo la kawaida na mara nyingi hupona kwa usafi na dawa. Hata hivyo, yapo matatizo makubwa zaidi: goti au kifundo kukakamaa, mshipa wa fahamu kuumia, au mfupa kukataa kuunga. Mazoezi ya kila siku nyumbani hayana bei, na ndiyo kinga bora dhidi ya viungo kukakamaa.

Fremu au msumari?

Kuna misumari ya kisasa inayotiwa ndani ya mfupa na kurefushwa kwa nguvu za sumaku kutoka nje. Haina nyaya zinazotokeza ngozini, na makovu yake ni machache. Lakini msumari mmoja pekee hugharimu maelfu ya dola za Marekani, na kwa kawaida huondolewa baadaye kwa upasuaji mwingine. Isitoshe, aina nyingi hazimruhusu mgonjwa kuukanyagia mguu kwa uzito wote hadi mfupa ukomae.

Fremu ya Ilizarov inachosha kuivaa, lakini ni nafuu, na wagonjwa wengi huweza kuukanyagia mguu wakiwa nayo. Uliza kama hospitali ina pete ambazo husafishwa na kutumiwa tena, huku nyaya zikiwa mpya. Huko ni kupunguza gharama bila kuhatarisha mguu. Kile usichopaswa kukipunguza ni ujuzi wa daktari: uliza amewarefusha mifupa wagonjwa wangapi.

Pesa zitatoka wapi?

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Wanaoajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mchango wa chini ni Sh300 kwa mwezi. Hakikisha michango yako imelipwa, na uitake hospitali iombe idhini mapema ili ujue bima italipa kiasi gani na wewe utaongeza kiasi gani.

Watoto wenye ulemavu wa viungo huhudumiwa katika hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, na familia zisizojiweza zaweza kuuliza huko kuhusu msaada. Chama cha APDK, kilichoanzishwa 1958, hutengeneza viatu maalumu na vifaa vya kutembelea. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo husaidia waliosajiliwa kupata vifaa. Katika hospitali kubwa za umma, muone ofisa wa huduma za jamii kabla ya kulazwa, si baada ya deni kurundikana.

Ukiitisha harambee, lengo liwe jumla ya safari nzima. Fedha za mazoezi na za kuondoa fremu ziwekwe kando zisiguswe.

Wanaotaka urefu tu

Wapo watu wenye miguu sawa wanaotaka kuongeza kimo. Hao wasitarajie bima wala harambee. Mifupa hukatwa katika miguu yote miwili, hatari huongezeka, na katika nchi kama Marekani gharama hufika makumi ya maelfu ya dola. Kukopa pesa au kuuza shamba kwa ajili ya sentimita chache ni uamuzi wa kufikiriwa mara nyingi.

Kwa anayepanga kwenda India au kwingineko, bei anayotajiwa huenda isihusishe miezi ya kukaa huko. Akirudi mapema na fremu, atahitaji daktari hapa nyumbani aliyekubali kwa maandishi kumfuatilia. Asipompata, asipande ndege kwanza.

Kama hesabu haijatimia, subiri na uvae soli ya kuinua mguu huku ukiendelea kuweka akiba. Kwa mtu mzima, mfupa uliokwisha kukua hautazidi kuwa mfupi kwa kungoja mwaka mmoja. Wa kuharakishwa kwa daktari ni mtoto, kwa sababu nafasi yake ya matibabu ya bei nafuu hupungua kila mwaka anapokua.