Vijidudu Vinavyorutubisha Shamba la Mahindi

Huko Kimaka, mjini Jinja, kama ilivyo penye kambi nyingi, mshahara wa askari una kazi nyingi: karo, mavazi, matibabu na chakula. Kwa hiyo shamba dogo la familia si jambo la mchezo. Mahindi yakigeuka rangi ya manjano, mama wa nyumba hutambua kwamba udongo umechoka; lakini mbolea ya dukani ni ghali.

Mara nyingi kinachopungua ni naitrojeni. Hewa ina naitrojeni asilimia 78, walakini mahindi hayawezi kuichukua humo. Wanaoweza ni bakteria waitwao raizobia. Mwaka 1888 mtaalamu wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, aliwapata ndani ya vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Mmea huwapa sukari, nao huulipa kwa naitrojeni.

Yafaa ieleweke kwamba raizobia hawafanyi vinundu katika mizizi ya mahindi, mtama wala wimbi. Kuwapaka kwenye mbegu za nafaka kwa kutumaini mbolea ni kupoteza fedha. Njia yao ya kuyafikia mahindi hupitia kwa soya, kunde au maharagwe.

Chuo Kikuu cha Makerere na kile cha Nairobi vimetengeneza unga wenye bakteria hao. Unga wa soya ni wa soya. Usitumiwe kwa maharagwe. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji ya sukari, huchanganywa na unga huo kivulini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha hupandwa siku iyo hiyo katika udongo wenye unyevu na kufukiwa mara moja. Jua kali huwaua bakteria. Vilevile mbegu isichanganywe na mbolea ya chumvichumvi.

Mimea inapoanza kutoa maua, mmoja ung'olewe taratibu kwa jembe na kinundu kikatwe. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, bakteria hawafanyi kazi. Pengine udongo umepungukiwa na fosfeti, madini yapatikanayo katika vilima vya Sukulu, karibu na Tororo.

Jambo la mwisho ndilo husahauliwa. Sehemu kubwa ya naitrojeni ya soya huhamia katika punje. Familia ikivuna punje, kisha ikachoma mabua na maganda, mahindi yatakayofuata yatapata haba. Mabaki hayo yarudishwe shambani na kufukiwa, pamoja na samadi ikiwapo. Soya ikipandwa mvua za Machi, mahindi yafuate mvua za Agosti au Septemba.

Kwa njia hii familia itapunguza gharama ya mbolea, ingawa haitaiondoa yote. Watoto nao watapata uji wa soya wenye kujenga mwili. Udongo, kama askari, hautumiki vema bila posho yake.