Mtumwa, Jenerali na Ndui

Sikilizeni, wanangu. Vita ambavyo Wamarekani walipigania uhuru wao kutoka kwa Waingereza husimuliwa kwa habari za mizinga, farasi na bendera. Leo nawasimulia upande ambao wengi huuruka: ugonjwa uliokaribia kuliangamiza jeshi la Wamarekani, na maarifa yaliyoliokoa. Sehemu kubwa ya maarifa hayo ilifika Marekani vichwani mwa Waafrika waliouzwa utumwani.

Ugonjwa wenyewe ni ndui. Ninyi hamjauona, na Mungu ashukuriwe. Mgonjwa alishikwa na homa kali, kisha mwili ukajaa malengelenge yenye usaha, mpaka ndani ya kinywa. Wengi walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na baadhi yao walipofuka. Lakini ndui ilikuwa na tabia moja: ikishampata mtu naye akapona, haimrudii. Shikeni neno hilo, maana habari yote imesimama juu yake.

Mwaka 1706, waumini wa kanisa moja mjini Boston walimpa mchungaji wao, Cotton Mather, zawadi ya binadamu: mtumwa kutoka Afrika. Mather akamwita Onesimus, jina la yule mtumwa wa katika Waraka wa Paulo kwa Filemoni. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyejali kuliandika.

Siku moja Mather akamuuliza kama amewahi kuugua ndui. Onesimus akajibu kwa namna ya kushangaza: ndiyo, na tena hapana. Akaeleza kwamba huko kwao watu huchukua usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, wakamchanja mtu mzima wa afya mkononi, wakautia usaha ule kwenye chale. Mtu huyo huugua kidogo tu, kisha ndui haimpati tena maishani. Akakunja mkono wa nguo, akamwonyesha kovu lake.

Mather hakuyapuuza maneno hayo. Aliwauliza Waafrika wengine wa Boston, nao wakamweleza jambo lilelile. Baadaye akasoma taarifa za madaktari walioiona kazi kama hiyo ikifanyika Uturuki. Akajua kwamba watu wa mbali, wasiojuana, wanasema kitu kimoja.

Mwaka 1721 ndui ikaingia Boston kwa meli. Mji ulikuwa na watu wapatao 11,000. Mather akawaandikia madaktari akiwasihi wachanje watu. Ni mmoja tu aliyekubali, Zabdiel Boylston. Tarehe 26 Juni alimchanja mwanawe wa miaka 6, pamoja na mtumwa wake Jack na mtoto mdogo wa Jack. Boylston alihatarisha damu yake mwenyewe. Lakini tusisahau kwamba Jack hakuwa na nafasi ya kukataa. Wote watatu walipona.

Mji ukawaka hasira. Wapo waliosema Boylston anawapa watu sumu. Wapo waliodhihaki kwamba neno la Waafrika si la kuaminiwa. Usiku mmoja wa Novemba mtu alirusha bomu kupitia dirisha la nyumba ya Mather. Kwa bahati halikulipuka.

Boylston hakujibu kwa matusi. Alihesabu. Katika mji ule, watu karibu 5,900 waliugua ndui kwa njia ya kawaida, na 844 wakafa: karibu mmoja katika kila saba. Aliowachanja yeye walikuwa wapatao 240, na waliokufa ni 6: mmoja katika kila arobaini. Hesabu hizo ziliwanyamazisha wengi kuliko hotuba yoyote.

Sasa twende mbele zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1775 vita vilianza, na jeshi la Wamarekani likakabidhiwa kwa George Washington. Yeye ndui alikuwa anaijua kwa mwili wake. Mwaka 1751, akiwa kijana wa miaka 19, alisafiri hadi Barbados pamoja na kaka yake Lawrence, ugonjwa ukamkamata huko. Akapona, akabaki na makovu usoni, na kinga ya maisha.

Askari wake wengi hawakuwa na kinga hiyo. Walikuwa vijana wa mashambani, wamekulia nyumba zilizotengana mbali, wakilima mahindi na kuchunga ng'ombe, wala ndui haijawahi kuwafikia. Waingereza wengi walikuwa wameiugua utotoni, kwa kuwa kwao ndui ilikuwa haiishi. Kwa hiyo ugonjwa uleule ulipoingia vitani, upande mmoja ulitetemeka na upande wa pili ukaendelea na shughuli.

Hatari hiyo ilionekana Kanada. Wamarekani walikwenda kuuteka mji wa Quebec, wakashindwa alfajiri ya tarehe 31 Desemba 1775, na ndui ikawakuta wamepiga kambi kwenye theluji. Maelfu waliugua. Jenerali John Thomas, aliyetumwa kuliongoza jeshi lile, naye akafa kwa ndui mwezi Juni. Waliobaki walirudi nyuma wakiwabeba wagonjwa.

Washington akawa njia panda. Kuchanja kwa njia ya siku zile kulimfanya mtu augue kweli, ingawa kidogo, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza wengine. Askari angelala wiki kadhaa. Waingereza wakipata habari kwamba jeshi limelala, si watashambulia? Kwa sababu hiyo mwaka 1776 alikuwa amepiga marufuku askari kuchanjwa. Lakini Februari 1777, akiwa kambini Morristown, New Jersey, aliamua: askari wote ambao hawajaugua ndui wachanjwe, na jambo liwe siri. Watu waligawanywa makundi kwa makundi, wakatengwa majumbani na makanisani mpaka wapone.

Baridi iliyofuata, jeshi lilipiga kambi Valley Forge, karibu na Philadelphia. Askari walijenga vibanda vya magogo, kila kibanda watu 12. Chakula kilipokosekana walikanda unga kwa maji matupu, wakauoka juu ya moto. Wengine hawakuwa na viatu. Walikuwapo pia wanawake waliofua nguo na kuuguza wagonjwa, na watoto wao. Watu karibu 2,000 walikufa pale kwa homa na kuhara. Lakini ndui haikuwafagia kama ilivyowafagia Kanada, kwa kuwa uchanjaji uliendelea hapohapo kambini. Jeshi hilo lilisimama tena, na mwaka 1781 likawashinda Waingereza Yorktown, likisaidiwa na Wafaransa.

Hapa pana jambo linaloniuma, nami sitawaficha. Watu hao walipigania uhuru huku wakiwamiliki watu wengine. Washington mwenyewe alikuwa na mamia ya watumwa shambani kwake. Nchi iliyofaidi maarifa ya Waafrika haikuukomesha utumwa mpaka mwaka 1865.

Kazi ya kupambana na ndui iliendelea. Mwaka 1796 daktari Mwingereza, Edward Jenner, alionyesha kwamba ndui ya ng'ombe, ambayo si kali, inaweza kumkinga mtu, na chanjo ikawa salama zaidi. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mather alikuwa msomi mkubwa, lakini jibu alilipata kwa mtu ambaye sheria ilimhesabu kama mali. Mtakapokuwa madaktari, walimu au viongozi, muulizeni mfagiaji, mchunga ng'ombe na mama wa sokoni wanajua nini. Kisha fanyeni kama Boylston: pimeni, mhesabu, na ikithibitika ni kweli, isemeni hata kama mji mzima umekasirika.