Ajali kwenye ukungu: Usiuze haki yako kwa elfu tano ya simu

Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Julai, hapo Kinale kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru. Ukungu umefunga. Dere anajaribu kupita lori ambalo halioni mbele yake kuna nini, halafu kishindo.

Tuseme wewe ni abiria kwenye hiyo matatu. Unajipapasa, hujavunjika popote. Goti tu linauma kidogo. Kabla polisi hawajafika, makanga anakuja na daftari mkononi: "Mama, hii tumalizane tu hapa. Nipe namba nikutumie elfu tano ya dawa, halafu uweke sahihi hapa chini." Dakika moja baadaye simu inalia. Pesa imeingia.

Wiki mbili zikipita, goti limevimba na daktari anasema unahitaji upasuaji. Unampigia mwenye gari. Jibu lake ni moja: "Si tulimalizana?"

Mambo kama haya ni rahisi kutokea msimu huu wa baridi, Juni hadi Agosti, wakati sehemu kama Limuru, Kinale na Kimende hufunikwa na ukungu. Na kwa kuwa siku hizi pesa hutumwa kwa simu kwa sekunde chache, ni rahisi pia kufunga kesi kabla hujajua umeumia kiasi gani. Hebu tuangalie haki zako, na jinsi simu yako inavyoweza kukusaidia badala ya kukuponza.

Ukungu haumwondolei dereva lawama

Utasikia watu wakisema, "Hiyo ni kazi ya Mungu, hakuna aliyekuwa anaona." Sheria haikubali jibu rahisi hivyo. Dereva anatakiwa kuendesha kulingana na hali ya barabara. Kilomita 80 kwa saa ni kikomo cha gari la abiria, si kasi ya kuendea kila mahali. Kama hauoni, unapunguza mwendo, na hupiti gari lingine.

Abiria naye ana wajibu wake. Kama hukufunga mkanda, mahakama inaweza kupunguza fidia yako kwa sababu ulichangia kuumia kwako. Kwa hivyo funga mkanda, hata kama ni safari ya steji mbili.

Saa za kwanza

Kwanza, matibabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hata kama unajiona uko sawa, pimwa siku hiyo hiyo na uambie daktari kila mahali panapouma. Maumivu mengine hujitokeza baadaye, na rekodi ya siku ya kwanza ndiyo itakayoonyesha yalitoka kwenye ajali.

Pili, polisi. Chini ya Sheria ya Trafiki, dereva aliyehusika kwenye ajali lazima asimame na kutoa jina na anwani yake. Asipofanya hivyo, lazima aripoti kituoni haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Wewe pia nenda ukaandikishe ripoti. Pata nambari ya OB, abstrakti ya polisi, na fomu ya P3 ijazwe na daktari.

Tatu, kama unaweza, piga picha: nambari za magari, jina la sacco, magari yalivyosimama, na hali ya hewa wakati huo. Chukua nambari ya simu ya abiria mwingine mmoja au wawili. Ukungu utayeyuka saa tatu, lakini picha itabaki.

Umetumiwa pesa? Pokea, lakini usitie sahihi

Kupokea pesa ya dawa si kosa. Shida iko kwenye karatasi. Ikiwa imeandikwa "malipo kamili na ya mwisho" na sahihi yako iko chini, inaweza kutumiwa mahakamani kukuzuia kudai zaidi.

Ukitumiwa pesa, jibu kwa ujumbe mfupi siku hiyo hiyo: "Nimepokea 5,000 za dawa. Haya si malipo ya mwisho." Usifute ujumbe huo, wala ule wa pesa kuingia. Makubaliano ya mwisho yasubiri mpaka daktari aseme umepona au bado.

Rekodi za simu ni ushahidi

Mahakama zetu hazirudishi gharama kwa kukisia. Ulichotumia lazima ukidai na ukithibitishe. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa: walilipa hospitali, teksi na dawa, lakini hawana karatasi hata moja.

Kwa hivyo lipa kwa till au paybill ya hospitali na duka la dawa, usimpe mtu pesa mkononi. Omba risiti pia, kwa sababu ujumbe wa simu unaonyesha ulilipa, lakini hauonyeshi ulilipia nini.

Na kama huna payslip? Mama mboga, fundi au mtu wa boda anaweza kuonyesha kipato kwa taarifa ya miamala ya miezi kabla ya ajali. Iombe mapema na uihifadhi, hasa kama unapanga kubadilisha laini.

Nani analipa, na una muda gani?

Kila gari barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, na abiria wa matatu wamo ndani ya bima hiyo. Kampuni ya bima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi, kinachobaki kinadaiwa kwa waliopatikana na makosa.

Dereva kushtakiwa na polisi hakukulipi wewe. Hiyo ni kesi ya jinai. Fidia ni kesi ya madai, na una miaka 3 tangu siku ya ajali kuifungua. Kama gari ni la serikali, muda ni miezi 12 tu. Abiria akifariki, mume au mke, watoto na wazazi waliomtegemea wana haki ya kudai.

Kama hasara yako ni ya mali, mfano gari dogo au pikipiki kugongwa, na haizidi shilingi milioni 1, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambapo unaweza kujiwakilisha mwenyewe.

Jihadhari na "wakili" wa wodini

Baada ya ajali, simu huanza kulia. Mmoja anasema yeye ni wa bima na fidia yako imeiva, tuma kwanza elfu mbili ya kufungua faili. Mwingine anataka PIN ili "akuwekee pesa". Hakuna anayehitaji PIN yako ili kukulipa, hata sisi. Mtu akiiomba, kata simu.

Wakili wa kweli hatumi mtu kutafuta wateja hospitalini. Jina lake unaweza kulikagua kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Kwa hivyo ukijipata kando ya barabara, na mtu anakuharakisha muishie hapo, mwambie tu: "Asante, lakini wacha nipimwe kwanza." Elfu tano inaweza kungoja. Goti lako nalo ni la maisha.