Jirani wa parke ndiye anayemfungulia mgeni mlango

Leo tuongee juu ya Parke ya Virunga. Najua mama mmoja anayelala chini ya shitingi ataniuliza: «Mimi natafuta kuni za kupikia watoto, wewe unaniletea habari za wageni na ngagi?» Mama, una haki ya kuuliza. Tusikilizane.

Parke hii ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji. Ni ya kwanza katika Afrika. Mipaka yake ilipopanuliwa, jamaa nyingi zilipoteza mashamba, na kidonda hicho hakijapona. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipiga kambi kando yake, miti ikakatwa kwa kuni, na mwaka huo huo parke ikaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mnaona basi: shida ya msitu na shida ya mkimbizi ni shida moja.

Kwa nini tusifunge pori kabisa, asiingie mtu? Kwa sababu mgeni analeta kazi: kwa kiongozi wa njia, kwa mpishi, kwa dereva, kwa mama anayeuza viazi. Lakini mlango wake ni mwembamba. Anayewaona ngagi anakaa nao saa moja tu, akivaa barakoa, na mwenye kikohozi harusiwi kupanda, kwani ngagi huambukizwa magonjwa yetu.

Mlango huo hufungwa upesi. Mwezi wa Mei 2018, watu wenye silaha walimuua mlinzi mmoja wa kike na kuwateka Waingereza wawili, ambao waliachiliwa baadaye. Parke ilifungwa kwa wageni mpaka Februari 2019. Mwenye bunduki hakukosa chakula. Aliyekosa ni muuza viazi.

Sasa sheria. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa asili inakataza kulima, kuwinda na kukata miti ndani ya parke. Lakini jirani naye ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Milima ile ni moja, ngagi hawajui mpaka. Uganda, jirani wa parke hupata asilimia 20 ya pesa za kuingilia. Rwanda, tangu 2017, ni asilimia 10 ya mapato ya utalii.

Kwenu wakubwa wa vijiji na bami: ulizeni, na kwa maandishi, fungu la vijiji vyetu ni kiasi gani, na nani anasoma hesabu mbele ya watu. Pesa isiyosomwa hadharani huzaa chuki.

Kwenu ndugu mliokimbia vita: kamati ya kambi iombe kuni za miti iliyopandwa nje ya parke, na majiko yanayokula makala kidogo. Mwana akiitwa kuingia porini na bunduki, mkumbusheni muuza viazi.

Mama, sikukuletea habari za ngagi tu. Amani inayomrudisha mgeni parkeni ndiyo itakayokurudisha wewe shambani kwako.