Hawe akiitwa mchawi mtandaoni, wewe utasimama wapi?

Umewahi kutazama filamu na familia, ikaisha, halafu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo? Basi itazame "The Letter" ukiwa Ganze, na hawe wako, yaani nyanya kwa Kigiriama, ameketi mkekani hatua mbili kutoka ulipo.

Sisi tuliitazama Disemba, ile wiki ambayo kila mtu ametoka Mombasa na Nairobi kurudi ushago. Laptopu juu ya stuli, spika ndogo kando, watoto mbele, wakubwa nyuma. Tulidhani ni burudani tu ya kusukuma jioni.

Kama hujaiona, stori ni hii. Ni filamu ya matukio halisi iliyotengenezwa na Maia Lekow na mumewe Christopher King. Ilitoka 2019, na Kenya ikaichagua kuiwakilisha kwenye kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar za 2021. Kijana anayeitwa Karisa anaishi mjini. Siku moja anapata habari kwamba nyanyake ameitwa mchawi kwenye Facebook. Anafunga safari kurudi kijijini, hapa hapa Pwani, kutafuta ukweli. Anachokuta ni familia iliyopasuka. Wapo wanaomtetea mama yao, wapo waliomgeuka kwa jina la Mungu, na chini ya maombi na mapepo kuna swali moja halitamkwi kwa sauti: shamba litabaki na nani?

Sasa sikiza yaliyotokea kwetu baada ya filamu.

Bamdogo, ambaye ameokoka, ndiye aliyevunja kimya. Alikasirika. Kwake, filamu imewapaka matope Wakristo, kwa sababu kanisa la kweli haliwezi kumfukuza mzee. Shangazi, aliyeolewa Malindi na kusilimu, akamwambia asijitetee sana, maana hata huko kwao wapo wanaoswali mchana na kubisha kwa mganga usiku. Binamu yangu wa chuo kikuu, ambaye siku hizi haendi kanisani wala msikitini, akasema tatizo ni imani yenyewe. Tungeacha mambo ya Mungu, wazee wangelala salama. Hapo kelele zikaanza. Unajua vile mjadala wa dini unavyokuwa ukiingia nyumbani: kila mtu ana jibu, hakuna anayesikiliza.

Hawe alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akauliza swali moja tu: yule mama mzee wa kwenye filamu, bado analala nyumbani kwake?

Nyumba nzima ikanyamaza. Mimi nikakumbuka kitu kilichonifanya niangalie chini. Wiki moja kabla, hawe alinipigia simu akaniomba nimletee rangi nyeusi ya nywele kutoka Kilifi mjini. Nilimtania kama anatafuta mume mpya. Akacheka, nami nikacheka. Sikujiuliza mama wa umri ule anataka rangi ya nini. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakipaka nywele rangi kwa sababu mvi zimegeuka hatari. Mvi zikionekana, na mtoto wa jirani akiugua, jina lako liko njiani.

Ukweli ni kwamba kila mmoja pale nyumbani alikuwa na haki nusu.

Tusidanganyane, uchawi haukuletwa na kanisa. Wagiriama waliuogopa tangu zamani, na kulikuwa na viapo vya kumpima anayeshtakiwa. Wala Mungu hakuletwa na meli. Kabla ya mmishonari Krapf kufika Mombasa mwaka 1844, watu wetu walikuwa wakimwomba Mulungu mvua na afya ndani ya misitu ya kaya. Mulungu na Mungu, sikiza tu majina yenyewe, ni ndugu. Na aliyeongoza maombi hayo alikuwa mzee mwenye mvi, kwa sababu ndiye aliye karibu na waliotangulia. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mama mjane, alipowaita watu Kaya Fungo wale kiapo cha kumpinga Mwingereza, walimsikiliza. Mwingereza akailipua kaya ile kwa baruti mwaka 1914. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya iliingizwa kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Ajabu ni kwamba dunia inaulinda msitu, huku sisi tukimwinda mzee anayejua kuuombea.

Kwa hivyo binamu yangu wa chuo amekosea anapodhani imani ndiyo iliyomgeuza mzee kuwa adui, maana imani hiyo hiyo ndiyo iliyompa kiti cha mbele. Bamdogo naye hawezi kusema tu "hilo si kanisa la kweli" halafu akalala. Baada ya Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika kaunti yetu hii hii, sote tunajua mtu anaweza kulitaja jina la Mungu huku akikupeleka kaburini.

Maswali ya kuuliza ni mepesi. Nani anafaidika mzee huyu akiondoka? Hati ya shamba ina jina la nani? Nani alianza kusambaza neno hili, na alikuwa wapi mzee alipohitaji dawa?

Na wewe ndugu yangu wa mjini usijitoe. Zamani, pamoja na ubaya wake, kulikuwa na kikao, na mshtakiwa alisimama akasema lake. Siku hizi hukumu inatolewa kwenye kundi la WhatsApp la familia, saa tano usiku, na wewe uliye Nairobi unaweka alama ya mikono inayoomba kisha unalala. Ukifowadi ujumbe ule, wewe ni shahidi wa upande wa mashtaka.

Ujue pia sheria iko. Sheria ya uchawi ya mwaka 1925 inalifanya kosa jambo la kumshutumu mtu kuwa mchawi. Katiba, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Jina la mzee wako likianza kutajwa, hifadhi ujumbe kama ushahidi, mjulishe chifu na polisi, na usimwache alale peke yake. Hapa Ganze kuna Kaya Godoma, ambako wazee waliotishiwa maisha wamepewa hifadhi. Ni jambo la kushukuru, na pia la kuona haya: mtu aliyezaa watoto wanane kukimbilia usalama kwa watu baki.

Ile rangi ya nywele bado iko dirishani kwa hawe, haijafunguliwa. Sijui kama ataipaka tukisharudi mjini. Hilo litategemea sisi zaidi yake.

Mpigie wako leo. Hata kabla ya kuuliza mvua au mbuzi, muulize: usiku unalala?